Tupeane uzoefu: chakula cha nazi kinachoketisha nyumba nzima kwenye sinia moja

Mpishi wa Mkomani

Asalaam aleikum jamaa wa jikoni, walio Lamu, Malindi na kwengineko. Uzi huu ni wa chakula cha nyumbani, kile ambacho harufu yake ikifika barazani watoto huacha mchezo wenyewe. Raha ya nyumba za mwambao haitaki gharama kubwa. Yataka nazi mbili nzuri, samaki wa leo, na kila mmoja nyumbani awe ametia mkono wake. Naomba tuandike kwa vipimo: kiasi gani, moto upi, kipi huharibika na kwa nini. "Tia kiasi" haimfai anayejifunza.

Naanza na tui, kwa kuwa likiharibika hilo, mbaazi, wali na samaki vyote vimeharibika.

Nazi itikise kwanza. Isiposikika maji ndani, iache: ina ufa au imeanza kuoza. Macho yake matatu yawe makavu, bila ukungu. Ukishaivunja, onja kipande kidogo kabla ya kukuna, maana nazi moja iliyochacha hutia ladha mbaya sufuria nzima. Kwenye mbuzi, anza ukingoni uelekee katikati huku ukikizungusha kifuu, na uache ukifika kwenye ngozi ya kahawia. Ngozi ikiingia, tui huwa la kijivu na wali haupendezi.

Maji ya kukamulia yawe vuguvugu. Mafuta ya nazi huanza kuganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo maji ya friji huyaacha yamenata kwenye machicha. Nazi kubwa moja, kikombe kimoja cha maji (kikombe cha mililita 250): kamua kwa nguvu dakika mbili tatu, chuja kwa kifumbu au kitambaa safi, utapata kikombe na robo cha tui zito. Yarudie machicha kwa vikombe viwili vya maji, hilo ndilo tui jepesi. Wenye blenda wasage kwa sekunde 30 hadi 40 tu. Ukizidisha, machicha huwa laini mno, hupita kwenye chujio na tui hukwaruza kooni.

Sasa kukatika. Tui hukatika kwa sababu tatu: moto mkali, kitu kichachu kilichotangulia, na kuachwa bila kukorogwa. Protini zake hujikunja kwa joto na mafuta hujitenga. Tui zito hutiwa mwisho, moto mdogo, sufuria wazi bila kifuniko, na upawa usitoke mkononi mpaka lianze kutokota pembeni. Likishatulia hapo halikatiki kirahisi tena.

Dada wa Langoni

Wa aleikum salaam, Mpishi. Mimi nalisha watu asubuhi, basi naandika mahamri na mbaazi.

Mbaazi kavu nusu kilo hulisha watu sita pamoja na mahamri. Roweka usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya. Hapa kwetu kuna jambo ambalo wageni hawalijui: maji ya visima vingi yana chumvichumvi, na mbaazi zikipikwa kwayo huweza kuchemka saa mbili na ganda likabaki gumu. Tumia maji ya mvua ukiwa nayo. Huna, tia magadi kiasi cha ncha ya kijiko cha chai, yasizidi hapo, yakizidi mbaazi hugeuka uji wenye ladha ya sabuni. Nyanya na ndimu zisiguse sufuria mpaka mbaazi ibonyeke kwa vidole viwili, kwani uchachu hukaza ganda.

Zikiiva, zibaki na maji ya kuzifunika nusu tu. Tia kitunguu maji kimoja kilichokatwa, pilipili mbichi mbili nzima (usizipasue kama kuna watoto), manjano nusu kijiko cha chai, chumvi, na tui jepesi la nazi moja. Zitokote dakika 15. Kisha tui zito, kama alivyosema Mpishi. Epua zikiwa bado zina rojo, kwa sababu zikipoa hukaza.

Mahamri: unga wa ngano kilo moja, sukari gramu 200, hamira ya chembechembe kijiko kimoja cha mezani, iliki iliyotwangwa kijiko kimoja cha chai, samli vijiko viwili vya mezani, tui zito karibu nusu lita. Usimwage tui lote mara moja, unga hutofautiana. Donge liwe laini na lisishike mkononi. Kanda robo saa kamili kwa kiganja, funika, liache liumuke mara mbili ya lilivyokuwa, saa moja hadi mbili kwa joto la huku. Kata madonge 14, yapumzike dakika kumi, sukuma kila moja unene wa nusu sentimita, kata vipande vinne. Vipange kwenye kitambaa kilichonyunyizwa unga, vifunike, vikae dakika 15 kabla ya kuingia karaini.

Bintiye Faza

Dada, shukrani. Mahamri yasiyofura, yanayobaki bapa kama biskuti, sababu hasa ni nini? Watu husema hamira, lakini donge huonekana limeumuka vizuri.

Dada wa Langoni

Mdogo wangu, donge likiumuka vizuri usiilaumu hamira. Tazama mambo manne. La kwanza mafuta: yakiwa na joto dogo, hamri hunywa mafuta na kuiva pole pole kabla mvuke wa ndani haujapata nguvu ya kulipandisha. Tupa kipande kidogo cha donge. Kizame, kisha kiibuke juu papo hapo na kuzungukwa na povu. Kikikaa chini, ngoja. Mafuta yakitoa moshi, epua kidogo.

La pili ni unene. Ukisukuma mwembamba kama chapati, hakuna nafasi ya kugawanyika tabaka mbili. La tatu ni ngozi: vipande vilivyoachwa wazi kwenye upepo hukauka juu, na ngozi kavu haitanuki. Ndiyo maana ya kitambaa. La nne ni mkono wa mpishi. Hamri likiingia, lirushie mafuta ya moto juu yake kwa upawa mara tatu nne hapo hapo. Upande wa juu ukipata joto pamoja na wa chini, hufura. Usijaze karai, vipande vinne au vitano vinatosha, kwa sababu vingi hupoza mafuta.

Yakiwa mekundu nje na mabichi ndani, ama sukari imezidi robo kilo au moto ni mkali.

Mvuvi wa Shela

Salaam. Nazungumzia kitoweo.

Kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, bahari hutulia na sokoni hupatikana wengi: nguru, jodari, kolekole, changu, tewa. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, madau hayaendi mbali, na kinachopatikana zaidi ni samaki wa ndani ya miamba na mikoko, tafi na mkizi. Mwenye kupanga chakula cha wageni apange kwa pepo. Kusi ndipo ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, anapofaa: mroweke kwa maji vuguvugu saa moja, badilisha maji mara mbili, ndipo mchuzi wake wa nazi usiwe na chumvi kupita kiasi. Na usitie chumvi nyingine mpaka uonje.

Kumjua samaki wa leo: macho yametuna na yanang'aa, mashavu ukiyafunua ni mekundu, nyama ukiibonyeza hurudi. Harufu iwe ya bahari. Jodari, nguru na vibua nawaonya watu kila siku: lazima wapate barafu tangu watoke majini. Wakikaa juani, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, na hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Mlaji huwiva uso, huwashwa, kichwa huuma. Ukihisi ulimi unawaka kama umeguswa na pilipili ilhali hukutia pilipili, acha kula.

Samaki wa kupaka, kwa watu watano: changu au tewa wa kilo moja na nusu. Mpasue kupitia mgongoni, umfungue abaki mzima upande wa tumbo. Mchanje chale, mpake thomu punje sita na tangawizi kipande cha kidole gumba vilivyotwangwa, pilipili, chumvi, ndimu moja. Nusu saa inatosha, ndimu ikikaa mno nyama huanza kuwa ngumu na kukatika.

Rojo lake ni tui zito la nazi mbili, manjano nusu kijiko cha chai, chumvi, pilipili. Pika moto mdogo mpaka linate mgongoni mwa kijiko, kisha punguza moto tena, ndipo utie ukwaju kidogo kidogo. Ukwaju wa gramu 50 uliorowekwa kwa nusu kikombe cha maji unatosha, na pengine usimalize wote. Ukitangulia ukwaju, tui hukatika.

Makaa yawe yameshika majivu meupe. Wavu uupashe moto na kuupaka mafuta kabla samaki hajagusa, la sivyo ngozi hubaki kwenye wavu. Weka upande wa nyama kwanza, dakika tano hadi saba, na usimguse: akiwa tayari kugeuzwa huachia mwenyewe. Ukishamgeuza, paka rojo, acha likauke, paka tena. Rojo jepesi huanguka lote kwenye makaa, huzima moto na kutoa moshi mchungu. Makosa mengi ya kupaka huanzia hapo, mpishi ana haraka na rojo halijanata.

Bi Mkubwa, Malindi

Mwanangu wa Shela umenena. Ila kwa changu mdogo wa nusu kilo dakika tano ni nyingi, tatu zamtosha.

Naongeza wali, kwani samaki wa kupaka bila wali wa nazi hajakamilika. Mchele kilo moja hulisha watu wazima wanane. Roweka dakika 20, osha mpaka maji yasiwe meupe. Nazi mbili kubwa zitakupa tui zito vikombe viwili na nusu, na tui jepesi vikombe vinne hadi vitano. Chemsha tui jepesi na chumvi kijiko kimoja cha mezani, si cha kujaa, tia mchele, moto wa kati. Maji yakikaribia kukauka na mchele bado una kiini, mimina tui zito, geuza mara moja tu kutoka chini, funika, na upalie: makaa machache juu ya kifuniko, machache chini, dakika 15 hadi 20. Wenye gesi waweke bamba la chuma chini ya sufuria. Watu humimina tui zito mwanzoni, wali ukashika chini na juu ukawa mbichi, kwa sababu mafuta na sukari ya tui huungua haraka.

Na wale wenye wajukuu, fanyeni mkate wa mchele kwa chai ya alasiri. Mchele vikombe viwili, uroweke saa sita hadi nane, uchuje. Saga na tui zito kikombe na nusu, hamira kijiko kimoja cha chai na iliki, mpaka usisikie chembe ukisugua kwa vidole. Tia sukari kikombe kisichojaa. Acha mpaka upande na kutoa vipovu, dakika 45 hadi saa moja; ukipitiliza hugeuka mchachu na kuzama katikati ukishaiva. Piga ute wa yai moja, changanya polepole. Mimina kwenye sufuria nene iliyopashwa moto na kupakwa samli, moto mdogo. Ukiona matundu yamejitokeza juu na kingo zimeshika, hamishia makaa kwenye kifuniko upate rangi. Sufuria nyembamba itauunguza chini, hata moto uwe mdogo namna gani.

Baba wa Matondoni

Wote mmeandika jiko, naandika mkeka.

Sinia ya upana wa sentimita 60 huketisha watu watano au sita. Wakizidi, pakua sinia ya pili, kwa sababu mikono ikibanana watoto ndio hubaki na njaa. Wali utandazwe hadi karibu na ukingo, samaki katikati na miiba mikubwa imeshaondolewa, mbaazi au mchuzi kwenye bakuli pembeni. Ukimwaga mchuzi juu ya wali wote, nusu ya pili ya sinia huwa imeloa. Anayenawisha kwa birika aanze kwa mkubwa. Mtoto akae kati ya watu wazima wawili, ale upande wake, na mmoja wao amchambulie samaki.

Kazi pia zigawanywe kwa umri. Wa miaka minne mitano huweza kuchambua mchele na kumenya thomu iliyolowekwa. Wa miaka minane hukamua tui. Mbuzi ingoje mpaka miguu yake ifike chini vizuri akikalia na mkono uwe na nguvu ya kushika kifuu, maana meno yake hukata vidole. Mtoto aliyekamua tui hula wali huo bila kubembelezwa.

Mpishi wa Mkomani

Ahsanteni, hasa Bi Mkubwa kwa lile la kupalia.

Kuna aliyeniuliza pembeni kuhusu mabaki. Wali wa nazi kwa joto letu usikae nje zaidi ya saa mbili: tui huchacha, na kuna bakteria ya mchele ambayo sumu yake haifi kwa kupasha moto. Utandaze kwenye sinia upoe upesi, kisha friji, uliwe kesho yake. Mahamri ya jana yanyunyizie maji kidogo, yafunike kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo dakika tatu. Tui zito lililobaki ligandishe kwenye trei ya barafu. Vipande vinane hivi huwa kikombe kimoja. Likiyeyuka litaonekana limejitenga, likoroge tu linarudi.