Mrejesho: dawa za mzee baada ya shambulio la moyo

Ndugu zangu, asanteni kwa majibu. Niliuliza kama mzee aliyewekewa stenti (kibomba kidogo cha kuuweka wazi mshipa wa moyo) anaweza kupunguza dawa, kwa kuwa maumivu ya kifua yamekwisha. Daktari wa moyo amepitia kila kidonge: hapana.

Aspirini 75 mg ni ya maisha. Klopidogreli 75 mg, nayo ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida hutumika miezi 12. Ikikatwa mapema, damu inaweza kuganda ndani ya stenti, na hapo mtu anaweza kufa. Atovastatini 80 mg, dawa ya kushusha lehemu, inaendelea hata lehemu ikishuka, maana imeshuka kwa sababu ya dawa hiyo hiyo. Lengo ni LDL (lehemu mbaya) chini ya 1.4 mmol/L.

Mzee alikuwa pia na kikohozi kikavu, nacho kilitokana na enalaprili, dawa ya presha na moyo. Amebadilishiwa losatani, na potasiamu na kreatinini (kipimo cha figo) zitapimwa kwenye damu baada ya wiki 1 hadi 2.

Hapa naomba tuwe makini sana: diklofenaki, dawa ya maumivu ya magoti, ile inayonunuliwa dukani bila cheti, huongeza hatari ya shambulio jingine, na ikichanganyika na aspirini tumbo huweza kuvuja damu. Atumie parasetamoli. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, nayo hudhoofisha klopidogreli, hivyo amepewa pantoprazoli ya kazi hiyo hiyo.

Presha iwe chini ya 130/80, chumvi isizidi kijiko cha chai kwa siku, ikiwemo iliyo kwenye mkate na samaki wa chumvi. Sigara hata moja hapana.

Maumivu yakirudi, aketi, aweke nitrogliserini (dawa ya kutanua mishipa ya damu) chini ya ulimi. Yasipopungua ndani ya dakika 5, hospitali mara moja.