spoolsv.exe inakula prosesa hata printa zikiwa kimya

steshenari_ngamiani
Wakuu, habari za jioni. Steshenari yetu hapa Ngamiani, Tanga, ina kompyuta nne zinazochapa kupitia moja yenye Windows 10 Pro. Kwenye hiyo moja spoolsv.exe (spooler, huduma ya Windows inayosimamia foleni ya kuchapa) inakaa asilimia 60 hadi 80 ya prosesa hata kama hakuna anayechapa. Nikiizima na kuiwasha inatulia kidogo, kisha palepale. Printa ni mbili: ya USB na ya mtandao. Nianzie wapi?

fundi_chumbageni
Foleni kwanza. Fungua dirisha la amri kama administreta, andika `net stop spooler`, ingia C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa mafaili ya .SPL na .SHD (ndiyo kazi zinazosubiri kuchapwa). Folda yenyewe usiiguse. Halafu `net start spooler`. Kazi iliyoharibika, mfano PDF nzito iliyokatwa na umeme, husomwa upya kila huduma inapowaka, kwa hiyo kuzima na kuwasha tu hakuitoi.

mkwakwani_IT
Ila chungulia kwanza kama humo kuna faili lolote. Folda ikiwa tupu, foleni haina kesi, mshuku draiva (programu inayoiwezesha Windows kuongea na printa). Fungua printmanagement.msc (kama haipo, iongeze kwenye Optional features), nenda Drivers, bofya kulia kila draiva, Set Driver Isolation, kisha Isolated, ili iendeshwe nje ya spoolsv, ndani ya PrintIsolationHost.exe. Washa upya spooler. Mzigo ukihamia PrintIsolationHost.exe, mkosaji ni draiva. Iondoe kwa `printui /s /t2`, weka toleo jipya la mtengenezaji.

steshenari_ngamiani
Folda tupu. Draiva zote nimezitenga, spoolsv bado iko juu.

mkwakwani_IT
Basi tazama poti, yaani njia ambayo Windows inaifikia printa. Kinachosimamia poti hukaa ndani ya spoolsv yenyewe, kutenga draiva hakukihamishi. Kwenye sifa za printa ya mtandao fungua Ports. Ukikuta WSD (poti ambayo Windows huiweka yenyewe ikigundua printa mtandaoni) au poti yenye jina la kampuni, ongeza Standard TCP/IP Port, weka IP (anwani ya mtandao) ya printa, itifaki Raw, namba ya poti 9100. Kwenye ruta itengee printa IP hiyo, maana umeme ukirudi inaweza kupewa nyingine. SNMP Status Enabled (Windows kuuliza hali ya printa kupitia mtandao) toa tiki. Ikigoma, Process Explorer (programu ya Microsoft ya kukagua programu zinazoendeshwa), sehemu ya Threads, itakuonyesha DLL (faili la msimbo ndani ya spoolsv) inayokula CPU.

steshenari_ngamiani
Ilikuwa WSD. Sasa iko asilimia 0 hadi 1. Zile kompyuta nne nazo nizibadilishe?

fundi_chumbageni
Hapana mkuu, zenyewe zinajua jina la printa iliyoshirikishwa tu, poti haziioni.