Naomba ushauri: mdogo wangu mhandisi anataka kuingia jeshini

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni.

Mdogo wangu anamaliza shahada ya uhandisi wa ujenzi mwaka huu. Anataka kwenda JKT, kisha Mungu akijalia chuo cha maafisa wa jeshi Monduli, awe afisa wa uhandisi JWTZ. Mama hataki hata kusikia. Anasema mtoto atazeekea kwenye uluteni wakati wenzake mtaani wanajenga nyumba zao.

Dogo anamtolea mfano Leslie Groves, mhandisi wa jeshi la Marekani. Alihitimu chuo cha kijeshi cha West Point 1918, lakini ukapteni akaupata 1934! Katikati hapo aliwahi kurudisha maji Managua, Nicaragua, baada ya tetemeko la 1931. Halafu vita ikaja: akasimamia ujenzi wa Pentagon (makao makuu ya ulinzi ya Marekani), 1942 akakabidhiwa mradi wa bomu la atomiki, akastaafu 1948 akiwa Luteni Jenerali. (Bomu lenyewe linanitisha, ila uvumilivu wake nauheshimu.)

Sasa Groves alikutana na vita kuu. Je, huku kwetu wakati wa amani, mhandisi jeshini anapata kazi za kumkuza kweli? Na usajili wa bodi ya wahandisi anaweza kuufuatilia akiwa kambini? Mliopita huko naomba mnieleze, mama anasubiri jibu langu.