Ukoo wa Mzee Sefu (FAMILIA TU)

*Alhamisi, 13 Januari 2022*

Rukia, 19:02: Assalaam alaykum. Naomba kila mtu asome mpaka mwisho, msiishie mistari miwili kama kawaida yenu.

Rukia, 19:04: Ndege ya Marekani kwa Hawa ni Jumanne tarehe 18, saa tano usiku. Mimi na Salma. Siku zimebaki tano na karatasi ziko nusu nusu.

Rukia, 19:05: Zangu tayari. Pasipoti, viza, cheti cha chanjo dozi zote mbili. Za Salma ni pasipoti na viza tu. Bado kipimo cha korona, bado barua ya wazazi.

Kibwana, 19:06: Waalaykum salaam. Nimesoma mpaka mwisho. Hiyo pasipoti ya Salma mmeiangalia lakini? Ile picha alipigwa ana miaka 11, hana miwani wala shingo 😂

Salma, 19:06: Mjomba!!!

Kibwana, 19:07: Mimi nilikubeba na bado nisingekutambua, sembuse askari wa uhamiaji.

Rukia, 19:08: Kibwana tafadhali. Pasipoti haijaisha muda, viza imebandikwa humo humo na picha yake ni ya juzi. Tuendelee.

Rukia, 19:10: Kipimo ni Jumamosi usiku. Kuna mtu kanitumia hii 👇🏾

Rukia, 19:10: *Umesambazwa mara nyingi* ➡️ TAHADHARI wasafiri wote wa Marekani!!! Kipimo kiwe ndani ya SAA 72. Wasiochanjwa HAWAINGII hata watoto. Tuma kwa makundi 10 uokoe ndugu zako.

Nuru (Mama Salma), 19:14: Da, hapo imeandikwa hata watoto. Salma hajachanjwa. Mbona hukuniambia?

Kibwana, 19:15: Tuma kwa makundi 10 kwanza, halafu ndiyo uulize.

Rukia, 19:16: Hawa ukiamka tujibu. @Hawa

Rukia, 19:40: @Hawa

Rukia, 20:05: Na wengine mko wapi? Watu 23 humu, wanaoongea wanne.

Shangazi Mwajuma, 20:22: 🙏🏾

Hawa, 20:31: Mama nilikuwa kazini, si usingizini. Shikamooni wote. Huo ujumbe ni wa zamani, na nusu yake ni uongo. Msiusambaze.

Hawa, 20:33: Moja. Habari ya siku tatu iliisha tarehe 6 Desemba walipobana kwa sababu ya Omicron, ile korona ya aina mpya. Sasa ni siku 1 kabla ya kuondoka, kwa kila mwenye miaka 2 na kuendelea, awe kachanjwa au hajachanjwa. Kwa hiyo ni wewe na Salma wote wawili.

Hawa, 20:34: Wanahesabu siku, hawahesabu saa. Mkiruka Jumanne usiku, sampuli ya Jumatatu inafaa, iwe asubuhi iwe usiku. Ya Jumamosi mtarudishwa kaunta.

Hawa, 20:36: Mbili. Chanjo ni kwa mgeni mtu mzima, tangu tarehe 8 Novemba. Aliye chini ya miaka 18 kasamehewa. Salma ana 15, hana shida. Ila atapimwa tena huku siku ya 3 hadi ya 5 baada ya kufika, na kuna fomu ya kiapo ya kusaini kabla ya kupanda. Ya Salma utamsainia wewe uliye naye.

Rukia, 20:37: Na pale Chicago tunapobadilisha ndege, tunapimwa tena?

Hawa, 20:39: Hapana. Tiketi yenu ni moja kwa safari yote, kwa hiyo inahesabiwa ile ndege ya kwanza ya kutoka huko. Na kutoka Chicago kuja kwangu ni ndani kwa ndani, pale mtoto wa chini ya miaka 18 hata kitambulisho haulizwi. Lakini pasipoti yake kaa nayo wewe, usimwachie.

Salma, 20:39: Kwani mimi ningeipoteza?

Kibwana, 20:40: Muulize mama yako simu ngapi mpaka sasa.

Nuru, 20:44: Mimi ruhusa nimeomba ya Jumamosi. Jumatatu sipati tena, bosi keshaninunia.

Rukia, 20:45: Basi Jumatatu Kibwana awe na gari, atupeleke wote wawili.

Nuru, 20:45: Kibwana atoe gari. Mapokezi asikaribie.

Kibwana, 20:46: Haya tumeanza.

Nuru, 20:48: [Picha]

Nuru, 20:48: Hiyo ni karatasi ya tarehe 20 Desemba, Kibwana alipompeleka Salma akakutwa na korona. Someni jina na umri. Msijali doa la chai.

Salma, 20:49: SALMA KIBWANA. Miaka 51 😭😭

Kibwana, 20:51: Jamani yule kijana wa mapokezi kavaa barakoa mbili, kuna kioo, feni inanguruma. Kaniuliza jina, nikajua ananiuliza mimi. 15 na 51 hilo ni lake, mimi simo.

Rukia, 20:53: Unacheka, lakini karatasi hiyo ndiyo ingetuokoa. Hawa alishaniambia, mtu akiugua ndani ya siku 90 haina haja ya kupima upya. Ni majibu yale ya kukutwa nayo na barua ya daktari kwamba kapona na anaruhusiwa kusafiri.

Hawa, 20:55: Ndiyo, ila jina lazima lifanane na pasipoti, na kiwepo kitu kingine cha kumtambulisha, tarehe ya kuzaliwa au namba ya pasipoti. Wanaokagua ni watu wa ndege pale kaunta, wakiona 51 hawatakuwa na muda wa kusikiliza habari za feni.

Kibwana, 20:56: Si warudi pale wabadilishiwe?

Nuru, 20:57: Nimekwenda mara mbili. Wanataka aliyempeleka siku ile afike mwenyewe na kitambulisho. Nikakuambia. Ukasema kesho. Ile kesho yako ya tarehe 3.

Kibwana, 21:01: Tarehe 3 gari lilikuwa gereji. Na mbona mimi nikichelewa kitu kimoja kinakaa humu mwezi mzima, lile sanduku lilipoachwa uwanjani hakuna aliyesema?

Rukia, 21:01: Kibwana usilete habari ya sanduku.

Kibwana, 21:02: Nauliza tu. Lilikuwa na vitu vya nani?

Rukia, 21:02: USILETE HABARI YA SANDUKU.

Shangazi Mwajuma, 21:03: Lakini lile sanduku kweli liliuma.

Salma, 21:09: Samahani, swali. Da Hawa, nikipimwa tena si inaweza kuonekana bado ninayo? Darasani kwetu kuna mmoja alipona kabisa, akapimwa, ikaandika ndiyo.

Hawa, 21:12: Swali zuri kuliko yote ya leo. PCR, kile kipimo cha maabara, inaweza kuokota mabaki ya kirusi wiki nyingi baada ya mtu kupona. Kipimo cha haraka cha antijeni hakiokoti mabaki kirahisi hivyo. Marekani wanakubali vyote viwili. Kwa aliyeumwa mwezi uliopita mimi ningechukua antijeni. Na majibu ni siku hiyo hiyo.

Rukia, 21:13: Mimi nilishalipia PCR za watu wawili.

Hawa, 21:13: Mama.

Rukia, 21:14: Ulikuwa kazini!

Hawa, 21:16: Wapigie asubuhi wabadilishe ya Salma. Na mkipewa karatasi msiondoke dirishani kabla hamjaisoma. Iwe na aina ya kipimo, aliyetoa, tarehe ya kuchukuliwa sampuli, jina zima. Herufi kwa herufi Mama, uvae miwani.

Rukia, 21:20: Sawa. Sasa barua ya wazazi.

Rukia, 21:21: Salma anasafiri bila mama wala baba. Wenyewe Wamarekani hawalazimishi, ila wanashauri sana mtoto awe na barua yenye sahihi za wazazi wote wawili na muhuri wa wakili. Na hata huku wakati wa kutoka tunaweza kuulizwa huyu mtoto ni wa nani. Majina yetu hayafanani hata moja. Nimeiandika. Nuru atasaini.

Rukia, 21:22: @Baba Salma shemeji, na wewe.

Rukia, 21:50: @Baba Salma

Kibwana, 21:52: Amesoma. Naona "anaandika" tangu tisa kasoro ya juzi 😂

Nuru, 21:53: Kibwana nyamaza.

Nuru, 21:55: Da, mimi ndiye ninayeishi na mtoto. Sahihi yangu inatosha. Watu wanasafiri na sahihi moja.

Hawa, 21:57: Mama mdogo, wanaosafiri na moja wana hati ya mahakama ya malezi, au mzazi mwingine hayupo duniani. Nyinyi hati hamna.

Nuru, 21:58: Hati hatuna kwa sababu niliambiwa humu humu tuyamalize kifamilia.

Baba Salma, 22:10: Assalaam alaykum. Shikamoo Mzee, na wakubwa wote. Mimi sikatai mtoto kusafiri. Ila naomba niulize. Tarehe ya kuondoka nimeijua leo, humu, pamoja na watu 23. Desemba mtoto kaumwa siku tisa, nimeambiwa na jirani dukani. Kupeleka nilikuwa sistahili, kupigiwa simu nilikuwa sistahili. Leo sahihi ndiyo nastahili?

Nuru, 22:11: *Ujumbe huu umefutwa*

Nuru, 22:11: *Ujumbe huu umefutwa*

Kibwana, 22:13: Shemeji ile Desemba tulikuwa tumechanganyikiwa wote. Mimi mwenyewe nilijiandikisha mgonjwa.

Rukia, 22:14: Shemeji, ya Desemba tutayazungumza. Sasa hivi nina siku tano.

Baba Salma, 22:15: Kila mara mna siku tano.

Babu Sefu, 22:37: MTOTO ANA BABA. BARUA ISIYO NA SAHIHI YA BABA YAKE SIITAKI NA MTOTO HAPANDI NDEGE. RUKIA NAWE ULIKOSEA KUMUITA MTU KWENYE SIMU MBELE YA WATU. NURU KESHO UMPIGIE MWENYEWE. ATHUMANI MWANANGU NISAMEHE MIMI KWA HIYO DESEMBA NILIJUA NIKANYAMAZA.

Babu Sefu, 22:38: LALENI

*Ijumaa, 14 Januari 2022*

Shangazi Mwajuma, 06:10: Ijumaa njema 🌹

Rukia, 08:15: Assalaam alaykum. Baba shikamoo, tumekusikia. Shemeji, nisamehe kwa jana, nimekukosea.

Rukia, 08:16: Kipimo cha Salma wamekubali kubadilisha, changu kinabaki PCR. Jumatatu saa moja asubuhi ili majibu yangu yawahi. Kibwana gari.

Rukia, 09:02: Kibwana gari.

Rukia, 11:30: KIBWANA.

Kibwana, 11:48: Da nipo. Gari lipo. Ila Jumatatu asubuhi nina mtu wa kuniona saa mbili, nitawashusha tu, kurudi mtajua wenyewe.

Rukia, 11:49: Na utabaki nje ya geti.

Kibwana, 11:49: Nitabaki nje ya mtaa kabisa.

Rukia, 12:20: Nuru ulishapiga?

Nuru, 13:05: Nimepiga. Tumeongea.

Rukia, 13:05: Amesemaje?

Nuru, 13:31: Da, tumeongea.

Baba Salma, 15:40: Nitapita leo jioni nimuone mtoto kwanza. Barua nitaisoma. Sijasema zaidi ya hapo.

Babu Sefu, 15:52: VYEMA

Rukia, 15:55: Alhamdulillahi. Shemeji ukija uje na kitambulisho, namba yake inajazwa kwenye barua, nafasi nimeiacha. Na wakili anafunga saa sita Jumamosi, halafu ni mpaka Jumatatu, na Jumatatu ndiyo kipimo. Kuna mwenye namba ya wakili mwingine anayefanya kazi Jumapili?

Rukia, 16:30: Wakili wa Jumapili jamani. Watu 23.

Kibwana, 16:41: Yule aliyetushughulikia lile sanduku si bado yupo?

Salma, 19:18: Mama mkubwa, baba amefika. Barua anaisoma. Amesema jina lake umeliandika kwa "H" moja, kwenye kitambulisho zipo mbili, ATHHUMANI, walikosea zamani hakurekebisha.

Rukia, 19:19: Kwa hiyo amesaini?

Salma, 19:26: Anakunywa chai.

Hawa, 19:30: Mama usimwambie asaini kwanza. Irekebishe jina ndiyo asaini, tena mbele ya wakili, wote wawili wawepo.

Rukia, 19:31: Wote wawili pamoja? Jumamosi Nuru si ana ruhusa?

Nuru, 19:44: Nilishairudisha.