Legend of Grimrock: je, kosa liko kwenye kikosi changu au kwenye mikono yangu?

MshikaMwenge aliuliza:

Ndugu zangu, salamu. Ninacheza Legend of Grimrock, mchezo wa kompyuta uliotolewa mwaka 2012 na studio ya Almost Human ya Finland, ambamo wafungwa wanne hutupwa ndani ya mlima na kuachwa wajitafutie njia ya kutokea. Konokono wakubwa wa mwanzoni niliwamudu bila taabu, lakini sasa nimefika penye zimwi, na kila tunapokutana kikosi kizima huangamia kabla sijamaliza hata kumwandalia mchawi alama zake za kurogea. Jana usiku peke yake nimeupakia mchezo upya mara kumi na tatu. Mbele nimepanga wapiganaji wawili wenye deraya, mmoja wao akiwa yule mwenye kichwa cha fahali, na nyuma nimemweka mrusha visu pamoja na mchawi. Je, nimekosea kukiunda kikosi, au nirudi nyuma nikatafute silaha nzuri zaidi? Kuanza upya sitaki kabisa.

HatuaMoja alijibu:

Kikosi chako hakina kasoro, ndugu. Tatizo ni kwamba unasimama. Humo ndani kila kitu husogea kwa miraba, wewe na adui pia, na adui hawezi kumpiga aliye kwenye mraba wa mshazari. Ni lazima kwanza akufuate, kisha akugeukie, ndipo apige. Muda huo mfupi wa kugeuka ndio mali yako. Piga kwa silaha zote, sogea pembeni kwa kitufe cha A au D, geuka kwa Q au E, umngoje aingie mbele yako, piga tena, sogea tena. Silaha huhitaji muda kidogo kabla ya kutumika upya, kwa hiyo hupotezi chochote ukiutumia muda huo kutembea.

Zimwi lina tabia moja zaidi: likikuona kwa mbali mkiwa kwenye mstari mmoja, hukujia mbio na kukugonga kwa kishindo. Kwa sababu hiyo usipambane nalo kwenye ujia mwembamba hata siku moja. Livute hadi kwenye chumba chenye nafasi, ambacho umekwisha kukisafisha na ambacho mashimo yake unayajua, maana wengi wetu tumerudi kinyumenyume tukijisifu kwa ustadi, kisha tukajikuta tumeanguka ngazi ya chini tukiwa na majeraha.

MzeeWaKipanya alijibu:

Nakubaliana na aliyetangulia, ila miguu pekee haitoshi ikiwa mkoba umevurugika. Mchezo huu hausimami unapofungua mizigo. Zimwi linaendelea kukutwanga huku wewe ukitafuta chupa ya dawa. Kila mtu awe na dawa yake mahali palepale siku zote. Alama za mchawi nazo ni tisa, na unazichagua kwa kipanya moja baada ya nyingine, hivyo jifunze uchawi mmoja au miwili hadi mkono uujue wenyewe, kisha uuandae kabla hujafungua mlango.

Tulioanza na Dungeon Master, mchezo wa aina hii wa mwaka 1987, tulizoea hata kumshushia adui mlango kichwani, tukiupandisha na kuushusha mpaka afe. Ulikuwa ujanja wa aibu, lakini ulitufundisha kuyatazama mazingira kabla ya upanga. Jambo jingine: visu vinavyorushwa hubaki sakafuni, na mrushaji aliyeishiwa ni abiria tu. Halafu usilale hovyo ili kupona, kwa sababu usingizi hula chakula, na huyo mwenye kichwa cha fahali huona njaa upesi kuliko wenzake.

MshikaMwenge aliandika tena:

Ninawashukuru nyote. Nimelivuta zimwi hadi chumba cha nyuma, na mara mbili za kwanza vidole vilinichanganya, nikageuka mahali pa kusogea na kuligeuzia mgongo. Mara ya tatu tulizunguka kama watu wanaocheza ngoma, hadi likaanguka. Mchawi na mpiganaji mmoja walikufa, lakini niliwafikisha waliobaki kwenye lile jiwe la bluu linalofufua, na sasa wote wanne wako hai. Nimeshuka ngazi inayofuata na tayari nasikia nyayo nzito nyuma ya lango.

MzeeWaKipanya alijibu:

Hongera sana. Visu umeviokota?

MshikaMwenge aliandika tena:

Narudi juu, mzee.