Wadau mlioko Marekani, kwenye duka la bei chee nibebe nini na niache nini?

Mgeni_Columbus: Habari zenu wakuu. Nina miezi mitatu hapa Ohio na mama watoto na vijana wetu wawili. Hela ya boksi yote inaishia kwenye kodi ya nyumba. Jirani akaniambia niende Aldi, lile duka la vyakula la bei chee. Siku ya kwanza nimevuta toroli weee, haitoki, kumbe inataka sarafu ya senti 25. Kufika kaunta, mifuko unakuja nayo mwenyewe. Nilitoka nimekumbatia trei ya mayai kama nimeiba.

Shida yangu: nembo zao karibu zote sizijui. Kipi kinafaa kwa jiko letu? Halafu sembe nitapata wapi? Juzi nilichukua unga wa mahindi wa njano duka jingine, nikasonga, ugali ukawa mtamu kama keki. Watoto walifurahi, mimi nililala njaa.

MamaJunior: Pole kaka, umenichekesha. Huo ni unga wa kuokea mkate wa mahindi, unakuja na sukari na baking poda humohumo. Soma nyuma ya pakiti kabla hujalipa. Sembe tafuta maduka ya Waafrika. Kwa Wamexico kuwa makini, ule ulioandikwa "masa harina" mahindi yake yamechemshwa na chokaa. Kwa tortilla, zile chapati zao, sawa, kwa ugali utajuta.

Mzee_wa_Toroli: Nembo zisikutishe, nyingi ni zao wenyewe na ndiyo sababu bei iko chini. Bidhaa zinapangwa rafuni na maboksi yake, na toroli mnazirudisha wenyewe mkifuata senti zenu, hakuna anayelipwa kuzikusanya. Beba unga wa ngano, mafuta, mayai, vitunguu, tui la kopo. Kwenye kibandiko cha bei angalia yale maandishi madogo ya bei kwa aunsi, kipimo chao cha uzito. Pakiti kubwa si lazima iwe rahisi.

KundeNaNazi: Hakuna aliyemwambia kuhusu kunde! Mfuko umeandikwa "black-eyed peas", ndizo hizohizo. Na "collard greens" ni sukuma wiki, ukikata nyembamba hutaona tofauti.

MbebaBoksi_TX: Kaa mbali na ile njia ya katikati ya duka. Kila Jumatano wanaleta makorokoro mapya. Mimi nilifuata maziwa nikarudi na hema, na porini sijawahi kulala.

MamaJunior: @MbebaBoksi_TX sema wewe, mie sufuria yangu ya pilau nilitoa hukohuko.

Mgeni_Columbus: Na nyama yenye stika ya kupunguzwa bei? Naiogopa.

Mzee_wa_Toroli: Hiyo ndiyo ninayoifuata asubuhi. Tarehe inakaribia, haijapita. Ipeleke friza siku hiyohiyo. Tarehe iliyoandikwa "Best By" inazungumzia ubora, si kwamba kesho yake ni sumu. Ila maziwa ya unga ya kichanga tarehe yake usiichezee kabisa. Novemba kabla ya Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani, vizia bata mzinga, bei yake huanguka. Mmoja mnakula wiki.

Mgeni_Columbus: MREJESHO: Nimeenda leo na mifuko yangu, senti 25 mfukoni. Kuku wa stika wawili wako friza. Kunde nimeziunga kwa tui la kopo, na mama watoto ananiuliza nazi nimekuna saa ngapi. Sijamjibu bado.