Kipandikizi cha homoni au kuhasi moja kwa moja? Mbwa yuko Kigoma

BabaKomando
Habari za humu wakuu. Nina mbwa wangu hapa Mwanga, anaitwa Komando. Miezi ya karibuni amekuwa msumbufu kupita kiasi, nyumbani wamenichoka mimi na yeye. Nimesikia kuna kipandikizi cha homoni, mbwa anachomwa chini ya ngozi, anatulia kama aliyehasiwa, halafu kikiisha nguvu anarudia hali yake. Upande wa pili kuna kumhasi moja kwa moja, na mtu wa kufanya hiyo kazi nimeshampata hapa hapa mjini. Shemeji yangu anakuja na treni kutoka Dar na amekubali kuninunulia hicho kipandikizi, kwa hiyo nahitaji kuamua mapema. Kipi bora? Waliowahi kutumia waje.

Unyanyembe_Kwetu
Msumbufu ndiyo nini? Anang'ata? Anatoroka? Anabweka usiku kucha? Dume au jike? Umri? Kilo ngapi? Umeleta mgonjwa bila cheti, mkuu.

DagaaMbichi
Komando atakuwaje jike jamani.

Unyanyembe_Kwetu
Hapa Cheyo, Tabora, kuna jike anaitwa Rambo. Aseme mwenyewe.

KufuliMbili
Jenga ukuta. Hiyo hela ya kipandikizi na nauli ya shemeji ni tofali za kutosha. Mbwa hatoki, mjadala umeisha.

BabaKomando
Poleni, nilikuwa na haraka. Ni dume, German Shepherd aliyechanganyika kidogo, mwaka mmoja na miezi kadhaa, kilo thelathini na kitu. Hang'ati watu. Shida ni kutoroka. Jike yeyote mtaani akiingia joto, huyu hali, analia usiku mzima, anachimba chini ya uzio anaondoka, anarudi keshokutwa kachanika masikio. Na anakojolea kila kilichosimama: tairi za bajaji, mlango wa geti, mpaka ndoo ya jirani.

Hiyo ndoo ndiyo imenileta humu. Jirani ni mzee wa swala tano na ndoo yake ya kutawadhia hukaa barazani. Alikuja kwangu amevaa kanzu, akakaa, akanywa chai, akaulizia watoto wote kwa majina, ndipo akasema, "Mwanangu, yule mnyama wako tumtafutie utaratibu." Angegomba ningejisikia afadhali.

Ukuta siwezi, nyumba ni ya kupanga. Kumhasi kabisa moyo unasita kwa sababu kuna jamaa Kasulu ana jike mzuri sana wa German na tumeshaongea, mwakani tuwapandishe.

KufuliMbili
Basi mfunge mnyororo.

MamaWawili_Gungu
Mnyororo mchana kutwa ndiyo unamfanya awe mkali. Msimshauri hivyo.

FundiMifugo
Sasa tunaweza kuongea. Mimi kazi yangu ni hii hii, ng'ombe zaidi kuliko mbwa, lakini mbwa nawajua.

Hicho unachokisema kwa mbwa dume ni deslorelin. Jina la dukani ni Suprelorin, inatengenezwa na Virbac ya Ufaransa. Ni kitu kidogo, urefu milimita 12 hivi, kinakuja kimeshapakiwa kwenye sindano yake, kinachomwa juu ya mgongo kuanzia usawa wa shingo. Hakihitaji kutolewa, kinaisha chenyewe humo humo. Kuna cha miligramu 4.7, kinashikilia angalau miezi 6, na cha 9.4, angalau miezi 12.

Hili lifuatalo wauzaji wengi hawakwambii. Hakianzi kazi siku ya kuchomwa. Kinaigiza ile homoni ya ubongo inayoiamuru tezi iliyo chini ya ubongo iamshe korodani, kwa hiyo mwanzoni homoni ya kiume INAPANDA. Wiki za kwanza unaweza kuona Komando amezidi kuliko alivyokuwa. Baadaye tezi inazoea ile amri isiyokatika, inaacha kuitikia, homoni inashuka, korodani zinanywea. Hesabu wiki 6 kwa kile kidogo na wiki 8 kwa kikubwa kabla hujasema hawezi kuzalisha. Muda wote huo asikaribie jike mwenye joto. Ukimwachia siku ya kumi ukidhani umeshamaliza kazi, jirani atakuletea watoto.

BabaKomando
Kwa hiyo nikichoma leo, mzee wa jirani ataona afadhali baada ya mwezi na nusu au miwili, na kabla ya hapo hali itakuwa mbaya zaidi?

FundiMifugo
Inaweza kuwa. Si wote wanazidi, ila jiandae hivyo. Mwambie mzee mapema.

BintiWaUrambo
Mimi homoni kwa mbwa HAPANA. Naomba nisimulie ili watu wajue.

Nyumbani kwetu tulikuwa na jike, Pili, mbwa mwenye akili kuliko baadhi ya ndugu zangu. Kila uzao sita, saba, na kugawa watoto ilikuwa shida, majike hayatakiwi na mtu. Kaka yangu akakutana na muuza dawa mmoja akamwambia, hii mnajisumbua bure, mpigeni sindano ya uzazi wa mpango, hii hii ya akina mama. Wakampiga pale uani, Pili katoka tu kwenye joto. Tukafurahi, hakuna mimba.

Wiki zikapita, tukaona anakunywa maji kupita kawaida. Beseni la kufulia analimaliza, anakojoa, anarudi tena. Tukasema jua la kiangazi. Akaacha ugali. Akaacha hata dagaa. Tumbo likajaa, na nyuma chini ya mkia ukaanza kutoka uchafu wa rangi ya chai ya maziwa, harufu yake sisahau, nzi hawabanduki. Bibi akasema amerogwa, nikasema bibi huyu anaoza ndani. Tulimbeba kwenye toroli mpaka kwa daktari wa mifugo. Akamfungua. Kizazi kimevimba kama mfuko wa maziwa ya mgando, kimejaa usaha mtupu. Kikatolewa chote na mifuko ya mayai. Yaani gharama ileile tuliyokuwa tunaikimbia tukailipa mara kadhaa, na mbwa kidogo afe. Alipona, ila alikonda na hakunenepa tena.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi: kisu, mara moja, basi.

FundiMifugo
Pole sana. Ila hicho si kitu kimoja na anachouliza mwenye uzi. Sindano ya Pili ni ya kundi la projestini, yaani dawa zinazoigiza homoni ya ujauzito; yenyewe inaitwa medroksiprojesteroni. Kwa mbwa jike inalifanya tumbo la uzazi lizalishe ute na kulegeza ulinzi wake, bakteria wakipata njia unapata usaha. Inaleta pia uvimbe wa matiti. Deslorelin inapita njia nyingine kabisa, na hapa tunaongelea dume asiye na kizazi.

BintiWaUrambo
Homoni ni homoni.

FundiMifugo
Insulini nayo ni homoni dada yangu.

BintiWaUrambo
Sawa daktari. Wewe hukumbeba Pili kwenye toroli.

MamaWawili_Gungu
Kwani jike hawezi kuwekewa hicho cha Komando? Ninaye hapa, yuko karibu kuingia joto.

FundiMifugo
Jike aliyekomaa ukimwekea, ule mpando wa mwanzo unaweza kumwingiza joto papo hapo. Na akishaingia joto la namna hiyo anaweza kupata mimba, au kizazi kikamsumbua. Kwa jike wako, kama hutaki watoto tena, mfunge kizazi kwa upasuaji, na usimpeleke akiwa kwenye joto, damu zinakuwa nyingi.

DagaaMbichi
Hivi mbwa akihasiwa halindi tena? Babu alisema anakuwa mnene, analala kibarazani kama mstaafu.

Unyanyembe_Kwetu
Wangu nilimhasi. Jana usiku kakamata suruali ya mtu pale kwenye mwembe, suruali bado ninayo. Kulinda hakutoki kwenye korodani. Unene ni kweli, anahitaji chakula kidogo kuliko zamani, ugali ule ule wa zamani ndiyo unamnenepesha.

KufuliMbili
Usimdanganye mwenzio. Nimeona mbwa wa jirani amehasiwa, akiona mwizi anatikisa mkia.

Unyanyembe_Kwetu
Huyo alikuwa anatikisa mkia kabla.

FundiMifugo
Kinachopungua sana ni vitu vya kiume: kutoroka kufuata majike, kukojolea mipaka, kupanda miguu ya wageni, kugombana na madume wenzake. Na si kwa kila mbwa, kuna wanaobaki na mazoea. Mbwa anayekuwa mkali kwa sababu ya WOGA, hapo kuwa makini, kumwondolea homoni kunaweza kumwongezea woga. Ndiyo faida kubwa ya kipandikizi kwa maoni yangu: unaonja kwanza. Ukiona tabia imeharibika, unasubiri kiishe. Kuhasi hakuna kusubiri.

Na kwa German kuna jambo la mifupa. Chuo Kikuu cha California kule Davis walichapisha mwaka 2016 utafiti wa mbwa hao, wale waliohasiwa kabla ya kutimiza mwaka walikuwa na matatizo ya viungo zaidi ya wasiohasiwa. Komando ameshavuka mwaka, kwa hiyo hilo halikuzuii sana.

MstaafuReli
Wanangu, hiki si kitu cha mbwa wa mjini tu. Afrika Kusini dawa hiyo hiyo wamewachoma duma na simba wa hifadhi zilizozungushiwa uzio, wasizaane kupita eneo, na mbwa mwitu pia. Wa kwetu kule Ugalla wenyewe hawana daktari.

DagaaMbichi
Na sokwe wa Gombe?

MstaafuReli
Wa Gombe waache wazaane, ni wachache. Sokwe wanaowekewa ni wa kwenye vituo na bustani za wanyama, na wengi wanapewa kile kile cha akina mama cha mkononi.

BintiWaUrambo
Kumbe na sokwe wanaenda kliniki.

BabaKomando
Turudi kwa Komando wakuu. Suala la Kasulu: akichomwa, mwakani atazalisha kweli?

FundiMifugo
Wengi wanarudi. Ila "miezi 6" ni uhakika wa kuzuia, haina maana kwamba siku ya 181 yuko tayari. Wengine wanachelewa sana, mwaka na zaidi. Kama miadi ya Kasulu ni mwakani mwanzoni, chagua cha 4.7, au muahirishe. Ukichoma cha 9.4 halafu ukampigia jamaa simu baada ya mwaka, unaweza kufika na mbwa anayenusa maua.

Na nikuulize, hao mbwa wote wawili wamechanjwa kichaa? Mbwa anayerudi na masikio yaliyochanika ndiye wa kwanza kuletwa kwangu na mimi ndiye wa kwanza kuogopa. Kabla ya homoni yoyote, chanjo ya kila mwaka.

BabaKomando
Ya mwaka jana anayo. Ya mwaka huu bado.

MamaWawili_Gungu
Haya, hapo ndipo pa kuanzia.

Unyanyembe_Kwetu
Huyo "mtu" wa kuhasi uliyempata mjini, ni daktari au ni fundi wa maksai? Kuna wanaokuja na koleo la ng'ombe na kamba. Dawa ya usingizi anayo? Nikisikia "tunamshikilia tu" mimi naondoka na mbwa wangu.

BabaKomando
Alisema atakuja na vijana wawili.

Unyanyembe_Kwetu
Ondoka na mbwa wako.

FundiMifugo
Nakubaliana. Kuhasi dume kwa daktari mwenye dawa ya usingizi na vifaa safi ni upasuaji mfupi. Kazi kubwa ni kumzuia asilambe kidonda na nzi wasitue. Koni ya shingoni ukiikosa, kata kitako cha ndoo ndogo ya plastiki, toboa matundu, funga kwenye mkanda wa shingo.

Sasa la shemeji. Hiyo dawa inatunzwa kwenye friji, nyuzi 2 mpaka 8, na ISIGANDE. Treni ya Dar mpaka Kigoma si safari ya saa tatu. Aandikiwe na daktari, anunue kwa mtu mwenye friji na risiti, aangalie tarehe ya kuisha. Kwenye kibaridi (boksi la barafu) asiilaze juu ya barafu, aifunge kitambaa kwanza. Na kama shemeji ni mjamzito asiwe yeye wa kumchoma mbwa, onyo hilo limeandikwa kwenye dawa.

BabaKomando
Shemeji ni mwanaume.

DagaaMbichi
Ungesema mapema.

KufuliMbili
Kwa nini asipande ndege? Saa chache yuko Kigoma, dawa haijajua imesafiri.

BabaKomando
Nauli ya ndege utalipa wewe?

MstaafuReli
Treni inatosha, barafu ndiyo ya kupanga. Akitoka Dar na barafu ya kutosha, Dodoma anaongeza, Tabora anaongeza tena. Kuanzia Tabora kwenda Kaliua na Uvinza asitegemee kupata.

Unyanyembe_Kwetu
Tabora niko. Nitumie namba ya behewa faragha, treni ikisimama nitaleta barafu stesheni. Nilete na asali? Ya miombo, ya mzinga, haijachanganywa na sukari.

BabaKomando
Lete lita tano mkuu. Uamuzi wa kipandikizi bado sijafunga, nataka kwanza niongee na jamaa wa Kasulu kuhusu tarehe. Ila asali hiyo ni ya uhakika.

Unyanyembe_Kwetu
Hela sitaki. Shemeji akirudi apite na migebuka mikavu, ile mikubwa.

MamaWawili_Gungu
Migebuka bei imepanda, msimdanganye mtu wa Tabora. Lita tano za asali atakuwa anawadai.

BintiWaUrambo
Na mimi niwekeeni asali lita mbili. Treni inapita Urambo, nitakuwa stesheni.